Ndovu, Jua na Kengele ni vya Bwana Mmoja

Rungwa, Jumapili

Mdogo wangu Zefania,

Najua umeiamkia bahasha kabla hujaifungua, basi marahaba. Mgongo vipi? Shemeji yangu anaendeleaje na miguu? Na mtama, umekubali au mmewalimia ndege tena mwaka huu? Mimi mzima. Meno yamebaki yale yale sita, yanafanya kazi kwa zamu.

Sasa kaa vizuri. Kampuni kubwa ya sinema ya Marekani imemwandikia kaka yako barua! Mwambie na yule katekista aliyesema sitafika popote.

Haya, ni uongo. Barua haikuandikwa kwangu, ilibandikwa mlangoni pa kibanda umiza cha Mama Shabani, anakoonyesha sinema kwa kiingilio, na ilikuja kuninyang'anya kazi. Lakini muhuri ulikuwepo.

Kazi yenyewe huijui, maana nilikudanganya kuwa bado narina asali. Mizinga niliiacha tangu nilipoanguka mtini. Siku hizi nakaa kwenye kigoda kando ya televisheni ya Mama Shabani, watu wakiangalia sinema za Kizungu mimi nawatafsiria. Usicheke. Niliishia darasa la tatu, na Kiingereza nilichotoka nacho ni cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Lakini warina asali wanaokuja kuangalia nao hawakijui, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha. Mzungu akivunja mlango, nasema amefuata mahari ya dada yake. Wakifukuzana na magari, nasema wanagombea zamu ya kisima. Kibanda kinajaa mpaka watu wanakaliana magoti.

Mwezi uliopita akaja wakala kutoka Singida mjini, mtu mzima na kitambi chake, king'amuzi kipya kwapani. Akasema sinema zote za kampuni ile yenye picha ya ndovu sasa zinakuja zimeshatiwa Kiswahili hukohuko, zitaonyeshwa kwa king'amuzi chake tu, na mtu yeyote haruhusiwi kuzitafsiri tena.

"Basi baki na ndovu wako," Mama Shabani akamwambia. "Sisi tutaonyesha za ile kampuni yenye picha ya jua."

Wakala akacheka. "Mama, jua na ndovu ni vya bwana mmoja."

"Na za kengele?"

"Kengele ameinunua juzi."

"Huyo bwana anapenda sinema hivyo?"

"Wala. Yeye ni mtu wa simu na mitambo. Sinema ni kibanda chake kimoja tu. Hata hiki king'amuzi ni chake."

Zefania, hapo nikamkumbuka yule ng'ombe mweupe wa pale nyumbani Misigiri, tuliyemwita Malaika. Tulikunywa maziwa yake, tukapigana na watoto wa jirani kwamba ng'ombe wetu ni mzuri kuliko wao. Kumbe wa kwetu na wa kwao wote walikuwa wa tajiri mmoja wa Kiomboi, amewawekesha kwenye maboma ya watu. Siku alipokuja na fimbo yake kuwachukua ndipo tukajua tulikuwa tunatoana damu kwa zizi la mtu. Na huku Rungwa miaka yote watu wa ndovu wanawacheka watu wa jua!

Nikamwambia wakala, "Mwanangu, kwetu Iramba mtu akikutunzia ng'ombe vizuri unampa mtamba. Mimi nimechunga sinema za bwana wako miaka tisa. Nipe moja iwe yangu."

"Mzee, sinema haizai."

"Haizai? Mbona kila mwaka inakuja ya pili, ya tatu, na zote zimefanana na mama yao?"

Akabandika barua yake, akaondoka.

Jumamosi ikaonyeshwa ile ya mjomba mwenye kofia, niliyoitafsiri mara nyingi kuliko nilivyosali Baba Yetu. Nikakaa kimya kama mkwe. Sauti safi, Kiswahili cha Dar es Salaam. Nikwambie kweli, ilikuwa nzuri. Na yule mjomba, kumbe si mjomba wa mtu, ni jambazi! Kibanda kizima kikageuka kuniangalia.

"Babu! Mjomba wetu umempeleka wapi?"

Juma, mrina asali mmoja, akanitetea. "Mjomba wa Babu alikuwa mtu wa maana. Huyu wao hata kwao sikujui."

Ilipokwisha wakatoka, kila mtu njia yake. Zamani walikuwa wanabishana mpaka majumbani, wengine wanarudi asubuhi kuniuliza kama mahari ililipwa. Safari hii hakuna aliyeuliza kitu.

Mama Shabani ni mtu mwema, lakini kibanda ni chake. Kaniambia, "Babu, Ijumaa iko wazi. Lete sinema isiyo ya huyo bwana, kigoda kitabaki chako. Mwezi ukiisha hujaleta, nitakiwekea birika la chai." Na bila kigoda, Zefania, mimi huku ni mzee wa kuonewa huruma. Kazi hiyo siiwezi.

Msalimie shemeji, na dada yetu mkubwa, umwambie mafuta yake ya alizeti yalifika nusu, nusu nyingine aliionja dereva. Katekista naye msalimie, lakini kidogo.

Sasa lile jambo. Ile harusi ya binti yako Elizabeti, iliyopigwa picha za video ukaificha sandukuni kwa sababu baba mtu umeonekana unalia kuliko bibi harusi. Itie kwenye flashi, mpe dereva wa lori la asali aniletee. Muulize kwanza mpiga picha kama nakala ni yako, nisije nikamkuta ndovu naye yumo.

Usikatae. Siku ile wakwe walipokukodolea macho, ni nani aliyesimama akawaambia ni moshi wa jikoni? Nilikudai nini? Sikukudai hata soda. Leo nakudai harusi. Na Ijumaa tukifika pale unapolia, nitawaambia Rungwa nzima ni moshi.

Ni mimi kaka yako,
Msengi, wa kigodani bado