Nafasi Aliyoiacha Gatwiri

Kibirichia, Meru,
Jumapili, 19 Aprili 2026.

Mpendwa shemeji Ndambiri,

Pokea salamu zetu, hasa za dada yako Wawira, ambaye ameketi hapa karibu nami akichambua maharagwe. U hali gani huko Australia? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Na watoto, bado wanaelewa Kiembu au wameshakisahau? Sisi tunaendelea vyema kwa neema ya Mungu. Mvua imeanza vizuri, viazi vyetu vya waru vimechipuka, na baridi ya huku unaijua mwenyewe.

Usishangae mwandiko huu. Ni wa mkono wa kushoto, maana wa kulia haujarudi sawasawa tangu nilipopatwa na kiharusi. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu maneno yangu hukwama, na watu hunimalizia kwa yale wanayodhani nataka kusema. Haya nataka kuyasema mwenyewe.

Mama yenu tulimtembelea kule Karurumo wakati wa Pasaka. Ana nguvu. Bado anaingia mwenyewe kwenye kahawa yake, na akiambiwa apumzike anajifanya hasikii.

Ninachokuandikia hasa ni habari ya mpwa wako Gatwiri. Unajua alivyochaguliwa mwaka jana, kwa sababu wewe ndiye uliyemwonyesha ule mpango tangu alipomaliza shahada ya uchumi kule Embu. Mimi ilinichukua muda kuuelewa. Alinieleza kwamba ni wa vijana wanaotaka kuwa wanauchumi kutoka nchi zisizo na uwezo mkubwa kama yetu. Mtu anakwenda ng'ambo, anakaa na maprofesa miaka miwili akiwasaidia katika utafiti, anajifunza kazi kwa kuifanya, kisha ndipo anaomba nafasi ya kusomea udaktari wa uchumi. Nikamwambia hiyo ni kama fundi kushinda na fundi mkubwa. Akacheka, akasema ni hivyo hasa.

Mahojiano yake aliyafanyia ndani ya stoo, kwa kuwa hapo ndipo mtandao hushika vizuri. Mimi nilikuwa nje nikifukuza kuku wasipige kelele. Profesa mmoja mwanamke aliona magunia nyuma yake, akamuuliza ni ya nini. Basi Gatwiri akamweleza jinsi sisi wote huvuna waru wakati mmoja, tunauza wakati mmoja, bei inaanguka wakati mmoja, na kwa nini hata anayejua hivyo bado anauza. Sikuelewa Kiingereza chote, lakini nilisikia sauti yake. Shemeji, ilikuwa sauti ya mtu aliyefika kwao.

Jibu zuri lilipokuja tulilitangaza kanisani. Wewe ukamtumia koti la baridi.

Kisha mwezi wa Juni nikaanguka shambani. Dada yako alikupa habari hiyo kwa simu, kwa hiyo sitairudia. Kwa wiki nyingi sikuweza kutamka neno. Gatwiri ndiye aliyenilisha, akaninyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyoelekezwa hospitalini, akanifundisha tena kusema "maji". Wawira peke yake asingeweza kuninyanyua, na magoti yake unayajua.

Agosti, mwezi wake wa kusafiri, ikafika, naye bado yuko nyumbani. Ulimi wangu ulipoanza kufunguka nilimuuliza, "Unasafiri lini?"

"Wamesongeza mbele, baba."

Nikaamini. Aliyeniambia ukweli ni Gitari, kijana aliyesoma naye, na hakujua kwamba ananiambia. Alikuja kunijulia hali mwezi wa Oktoba, akawa anakunywa chai hapa kwangu. Akasema, "Mzee, umebarikiwa. Si wengi wangeacha nafasi kama ile ili wamtunze mzazi." Nikamngoja amalize chai yake aondoke. Gatwiri akaja kutoka kukamua, amevaa lile koti lako. Ndiyo kazi linayofanya sasa, kumkinga baridi ya zizini.

Nikamuuliza, "Uliikataa?"

Akaweka ndoo chini. "Niliikataa, baba."

"Nani alikwambia ukatae? Uliniuliza mimi?"

"Ulikuwa huwezi kuongea."

"Hata kichwa singetikisa?"

"Ungetikisa," akasema. "Ungeniambia niende. Ndiyo maana sikuuliza."

Nilitaka kumkaripia, maneno yakakataa kutoka, nikaishia kulia mbele ya mtoto wangu. Naye akafikiri nimezidiwa, akakimbia kumwita mama yake.

Kesho yake nilimsihi awaandikie. Aliandika. Profesa yule mama alimjibu kwa upole sana, akisema kiti chake kimeshapewa mwingine lakini aombe tena. Akaomba tena. Alifanya mtihani wao wa takwimu, akafika hata kwenye mahojiano. Mwezi uliopita jibu likaja: wafadhili wamepunguza fedha, nafasi zimekuwa chache, na safari hii hakupata. Alinisomea akiwa amesimama, akatia simu mfukoni, akaenda kuwakatia ng'ombe nyasi.

Nitakuambia jambo ambalo hata Wawira hajui. Aliposoma lile jibu, kabla sijahuzunika, moyo wangu ulitulia. Ilikuwa kidogo tu, kama mtu anayeshusha pumzi. Nilifurahi kwamba kesho atakuwepo. Halafu nikauona mgongo wake ukiinama kwenye nyasi, na tangu siku hiyo nafsi yangu hainipi nafasi. Nilimsomesha ili afike mbali, kisha nikafurahi kwamba hakufika.

Sasa amepata kibarua na watafiti fulani mjini Embu. Wanamtuma nyanda za chini kwenye ukame, kuwauliza wafugaji habari za mifugo na chakula. Maswali yanaandikwa na watu wengine, yeye anauliza tu na kujaza majibu kwenye simu. Juzi alinisimulia kwamba mzee mmoja huko alikataa kusema ana mbuzi wangapi, akamjibu, "Kwani wewe unataka kuniibia?" Tulicheka. Kisha akasema, "Swali lenyewe limeulizwa vibaya, baba. Ningeliuliza kwa njia nyingine. Lakini si langu kulibadilisha." Neno hilo, "si langu", ndilo linaloniumiza.

Simlaumu. Wala sijui kama angekwenda, mimi ningekuwa hai nikuandikie. Lakini najua alikuwa na mlango uliofunguka, na aliufunga kwa ajili yangu bila mimi kupewa neno hata moja la kusema. Yeye alinipa, mimi sikuomba, na sasa siwezi kumrudishia.

Kuna mipango mingine kama ule, Gitari ameniambia, na maombi yatafunguliwa tena baadaye mwaka huu. Mimi natembea hadi barabarani sasa. Murungi mdogo wangu amehamia karibu, anaweza kuninyanyua ikibidi. Lakini Gatwiri anasema hataomba tena, kwamba mambo hayo yamepita.

Kwa hiyo nakuomba, shemeji, mpigie wewe. Usimwambie nimekuandikia. Mwulize tu kuhusu waru na bei, uone sauti yake itakavyobadilika, kisha endelea kutoka hapo. Wewe ni mjomba wake, atakusikia. Mimi kila nikimwambia aende, ananiuliza kama nimemeza dawa.

Wasalimie shemeji Muthoni na watoto wote. Wawira anasema ule vizuri, na usitembee kifua wazi kwa sababu tu huko kuna jua. Mungu akulinde kazini na njiani, na akurudishe siku moja tukuone kwa macho.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye siku zote,

Kithaka,
baba Gatwiri.