Siku Tatu za Ukimya Redioni

Chanika, Handeni
Jumatano

Kwako dada Rukaya,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mkumbara, na shemeji Mwinjuma na watoto hawajambo. Sisi huku tuko salama. Mama miguu imepoa, ameanza tena kwenda shambani ingawa tumemkataza, na kila siku anauliza kama umepiga simu. Ningeweza kukupigia mimi, lakini najijua: ningezungusha maneno mpaka salio liishe. Ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Kazi inakwenda vizuri. Tangu uondoke redioni, kompyuta zote ziko mikononi mwangu, na siku hizi Mzee Sufiani haiti fundi kutoka Tanga kabla ya kuniuliza mimi. Nikusimulie ya Jumanne ya wiki iliyopita, ujue meneja wetu hanisifii bure.

Asubuhi hiyo umeme ulikatika ukarudi, kompyuta ya studio ikajiwasha upya. Saning'o, mtangazaji wa asubuhi, alikuwa na tangazo la haraka: chanjo ya ng'ombe imehamishiwa josho lingine, na wafugaji wameshatoa mifugo mazizini. Akafungua kipaza sauti. Kimya. Ile meza ya kuchanganyia sauti iliyonunuliwa baada yako ilikuwa inawaka taa zote, lakini kompyuta haiioni. Saning'o akanigeukia akasema, "Maryamu, yametokea tena yale ya Rukaya."

Sikugusa waya hata mmoja. Unajua mwenyewe kwamba mfumo wetu wa Linux una kiini chake, ile programu ya ndani kabisa inayoongea na vifaa. Wiki hiyo nilikuwa nimeweka kiini kipya, ambacho huanza kazi mashine ikijiwasha upya, lakini cha zamani nilikiacha palepale. Nikazima, nikawasha, orodha ya viini ilipotokea nikachagua cha zamani. Sauti ikarudi. Tulinyamaza dakika kumi na moja tu. Saning'o akasoma tangazo kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kimaa, na mchana Mzee Kisemei akapiga simu kushukuru: alilisikia akiwa njiani, akageuza ng'ombe wake wote.

Siku hizi naweka viini vitatu: kipya cha kujaribu, kilichokitangulia, na kimoja tulichokwisha kukiamini, ambacho nimekifunga kisiweze kufutwa hata kwa bahati mbaya. Saning'o naye nimemfundisha kuchagua, hata nisipokuwepo redio haitanyamaza.

Lakini lile neno lake halikunitoka. Mchana huohuo nikaingia stoo, nikatoa ile meza ya zamani, ambayo watu wote waliambiwa umeiunguza. Kwenye kompyuta ya akiba nikaweka kile kiini tulichokuwa tukitumia enzi zako, nikaichomeka meza ile. Ikatoa sauti safi kabisa. Haikuwahi kuungua, dada.

Kisha nikafungua kumbukumbu za mwaka jana. Kompyuta huandika kila kinachowekwa na kinachoondolewa, na jina la aliyeagiza. Siku moja kabla ya redio kunyamaza, viini vyote vya zamani viliondolewa, pamoja na kile kilichokuwa kinafanya kazi saa ileile. Jina lililoandikwa pale ni langu.

Unakumbuka nafasi kwenye kompyuta ilikuwa imejaa, ukaniambia nisifute kitu mpaka urudi kutoka Korogwe. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, nikataka ukute nimeshamaliza. Mashine ilinionya, ikaniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo. Kesho yake umeme ukakatika, ikaamka na kiini kipya kisichoijua meza yetu, na cha kurudia hakikuwepo. Ukahangaika siku tatu. Watu wa Mashewa wakakosa mazishi ya ndugu yao kwa sababu tangazo halikutoka.

Na kwenye kikao, Mzee Sufiani alipouliza kama kuna mwingine aliyeigusa kompyuta ile, nilisema hapana. Sikujua kwamba mimi ndiye niliyeiharibu, lakini nilijua nimeigusa. Niliogopa kunyimwa cheti. Wewe ulinitazama, ukaweka funguo mezani, ukatoka.

Jumatatu hii nilisimama mbele ya kikao kilekile nikaisoma kumbukumbu ile yote, na jina langu. Mzee Sufiani akauliza kwa nini nasema sasa. Nikamjibu, "Kwa sababu nimekalia kiti chake." Amenipa onyo la maandishi, nimelisaini. Kwako ameandika barua ya kukusafisha jina. Imo ndani ya bahasha hii. Nimeomba isomwe na hewani, maana ulisemwa mpaka sokoni. Amekubali, na nitaisoma mimi.

Kazi nimeimudu, dada, wala sikuombi urudi kunisaidia. Lakini ukitaka kurudi, kiti ni chako, mimi nitahamia cha pembeni. Msamaha nauomba. Ukichelewa kunipa, nitangoja.

Nibusie watoto. Mama anakusalimu sana, na hili nimeshamweleza. Alilia, kisha akaniambia niandike leo, nisingoje kesho.

Ijumaa ya wiki ijayo, saa moja asubuhi, tafadhali fungua redio. Wanasema mawimbi yetu yanafika huko ukipanda mlimani kidogo. Panda, dada.

Mdogo wako,
Maryamu