Bi Msimamo Amepigishwa Magoti

Chumba cha uani, nyuma ya duka la vioo
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Kwanza pokea salamu zangu, za mdogo wako aliyekukumbuka mno. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi huku miili ni mizima, tunashukuru. Roho ndiyo siwezi kuisemea.

Nimekawia kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unagoma. Unamjua Bi Msimamo wangu wa gazetini, yule wa hadithi niliyokuwa nikiiandika kila Jumamosi. Ulikuwa ukimtumia salamu kana kwamba ni wifi yetu. Mwezi uliopita mumewe alimpiga mbele ya wageni, naye akafunga mizigo akaondoka. Sikumsukuma mimi. Hadithi yenyewe ilimfikisha hapo.

Mhariri akaniita. Eti waume za watu wanalalamika kwamba tunawavunjia nyumba.

"Mrudishe, mama. Aombe radhi, maisha yaendelee."

Nikamwambia mwanamke yule harudi. Akacheka, nami nikadhani yameisha.

Sasa tulia unisikilize, maana kidonda kiko hapa. Ijumaa moja binti yangu, kifunguamimba, alikuja na begi kutoka kwa mumewe, jicho limevimba. Sikumhoji. Nilimtandikia kitanda chake cha zamani, nikamwambia tu, "Hapa ni kwenu." Alilala fofofo kama mtoto mchanga.

Asubuhi nikatoka kununua mkate, nikaliona gazeti. Wamechapa sura nisiyoiandika! Aliyeiandika ni bwana wa habari za mpira, mtu ambaye nyumbani kwake hajui hata sukari inakaa wapi. Bi Msimamo amepiga magoti, anamshukuru mumewe kwa kumtia adabu. Na juu yake, kwa herufi nene, jina langu.

Nilikwenda ofisini moja kwa moja, na kandambili zangu za ndani. Nilipiga kelele mpaka mabwana wa matangazo wakachungulia. Mhariri hakunyanyua hata sauti.

"Hadithi ni mali ya gazeti, mama. Na jina lako ndilo linalouza."

Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Begi halipo. Baba watoto alikuwa mezani na gazeti mkononi.

"Amesoma, akalia," akaniambia. "Akasema mama yake ameshamwambia la kufanya."

"Nawe ukamwacha aende?"

"Si wewe uliyeandika?"

Dada, hata nyumbani kwangu mwenyewe wameamini ni mimi.

Nilimfuata kwa mumewe. Mwanangu alifungua mlango nusu, akasimama hapohapo.

"Mwanangu, sikuandika mimi."

"Jina lako lipo, Mama."

"Wamelitumia bila idhini yangu."

"Ulishindwa kuniambia usoni. Nimeelewa, wala sikulaumu."

Mkwe wangu akakohoa kule ndani. Mwanangu akageuka haraka, kisha akaufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kichanga.

Tangu siku hiyo nikienda nagonga mpaka vidole vinauma, naona pazia tu likitikisika. Kazi nimeiacha, lakini jina wamebaki nalo, na kila Jumamosi Bi Msimamo anazidi kunyenyekea. Watu wananipongeza njiani. Muuza nyanya aliniongezea nyanya kwa furaha, akasema siku hizi naandika mambo ya busara. Nilizipokea. Ningemweleza nini, na foleni iko nyuma yangu?

Nisalimie shemeji na wanao wote, na yule wifi yetu mcheshi. Baba watoto anakusalimu. Chakula tunakula, maneno hatuna.

Jambo moja nakuomba, nalo nakuomba kwa kupiga magoti, mimi na si yule wa gazetini. Mwandikie mwanangu. Wewe ni mama yake mkubwa, na wewe hajawahi kukuona gazetini. Mwambie mlango wetu uko wazi. Mimi nikimwandikia, hataamini ni nani ameandika.

Mungu akutunze huko uliko, na yule mtoto amtunze kabla yetu sote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye nikiwa sina la kufanya.