Friji Limetoboka

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefuta mpira wa mlango wa friji kwa maji ya sabuni kama kila Jumatatu. Nimefunga mlango na karatasi katikati, nikaivuta. Haikutoka. Mpira mzima. Vumbi la nyuma nimelipangusa kwa brashi kavu.

Tatizo ni umeme. Mdogo tangu Ijumaa. Stabilaiza inakata, inasubiri, inarudisha. Joto nalo ni la Oktoba. Ndani ya friji maji yana uvuguvugu, na chupa nne za insulini ya Baba zimo humo, rafu ya juu kabisa, chini ya friza. Ni za kumfikisha kliniki ya mwezi ujao. Hakuna nyingine.

Nimezungusha kitufe cha baridi kutoka tatu hadi saba, nikaenda kazini. Siku nzima nimewaza chupa.

Jumanne, 7 Oktoba

Umeme umetulia. Friji linanguruma bila kupumzika. Nimefurahi kulisikia.

Kaka Onesmo amepiga simu kutoka Mishamo. Hakunisalimia vizuri. "Mzee akipata shida huko, jibu utatoa wewe." Hilo amelisema tangu Juni, siku nilipomchukua Baba kutoka kwake kijijini. Mimi ndiye niliyesema mjini kuna umeme, hospitali iko karibu, na nina friji. Friji ndilo lililomshinda Kaka.

Kazini limetafutwa faili la kiwanja. Mkuu wa masjala kauliza. Wote tumesema, "Limepotea." Hakuna aliyesema, "Nimelipoteza." Ndivyo tunavyosema masjala. Faili limepotea, mhuri umeanguka, chai imemwagika. Vitu vinajifanyia vyenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba

Kidole kinauma. Naandika hivyo hivyo.

Mchana nilirudi kumwekea Baba chakula. Nikafungua friji. Barafu imeshuka kutoka friza kama ndevu, imezimeza chupa zote nne. Kitufe kilikuwa bado saba. Nilikisahau. Mimi ninayepima mpira kwa karatasi kila wiki.

Ningezima, nifungue mlango, nisubiri. Najua. Nilikuwa nimebakiza dakika ishirini nirudi ofisini. Nikachukua kisu cha jikoni.

Chupa zilitoka. Ya mwisho ilinikatalia, nikachoma kwa nguvu, kisu kikapenya ukuta wa friza. Ukasikika mluzi mwembamba, kama wa baiskeli inayopoteza upepo. Nikaziba kwa kidole. Kidole kiliungua kwa baridi. Gesi iliendelea kutoka pembeni mpaka ikaisha.

Baba aliita kutoka barazani, "Spesi, nini hicho kinapiga mluzi?"

Nikasema birika.

Chupa nimezifuta, nimezirudisha. Zinayeyuka. Friji limetoboka. Hivyo ndivyo nitakavyosema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa ni ya Kiingereza, maandishi kama mchanga. Nimeisoma yote mara mbili. Ikiganda usitumie. Haisemi isipokuwa. Haisemi labda.

Fundi Masanja wa mafriji yuko Mishamo kwa kazi, atafika Jumamosi asubuhi.

Ubaya wa friji lisilo na gesi ni kwamba taa yake bado inawaka. Kompresa bado inanguruma. Baba anafungua, anaona mwanga, anaridhika. Jioni ametoa chupa, ameiviringisha viganjani kama nesi alivyomfundisha. Ndani kulikuwa na vipande vyeupe vidogo vimeng'ang'ania kioo. Macho yake hayavioni. Yangu yanaviona.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Amejichoma.

Mimi ni mtu wa namna gani?

Ijumaa, 10 Oktoba

Baba kamaliza jagi la maji kabla ya chai. Ameenda chooni mara tano. Anacheka mwenyewe, ananiita mwanangu kwa Kirundi. "Mwana wanje, nakunywa kama ng'ombe aliyetoka Kasansa kwa miguu."

Nimecheka naye. Nimemjazia jagi tena.

Mara nne nimefungua mdomo kumwambia. Kila mara namwona Onesmo anashuka kwenye pikipiki. Namwona Baba anafunga kamba za begi lake. Nikimwambia, atauliza tangu lini. Jumatano ningeweza kusema ni bahati mbaya. Leo siwezi tena.

Jioni ameviringisha chupa. Amejichoma tena. Ugali hakuumaliza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Fundi Masanja amefika saa mbili. Mnene, mcheshi, anaongea na friji kabla ya kuongea na mwenye nalo. "Shikamoo bibi, unaumwa wapi?" Kafungua, kapitisha tochi kwenye friza. Kisha kaniita.

"Dada, hapa limetoboka au limetobolewa?"

"Limetoboka."

"Friji halitobokagi lenyewe. Hili tundu lina umbo la kisu." Alikuwa anacheka. "Usiogope, siyo polisi hapa. Ukinidanganya najaza gesi, kesho inatokea palepale. Friji lina siri, lakini siyo mbele ya Masanja."

"Limetoboka," nikasema tena. Sijui kwa nini. Nilisikia sauti yangu ya masjala.

Baba alikuwa ameketi kwenye kochi, kichwa kimelala pembeni. Tangu alfajiri alikuwa anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Akainua uso. Midomo imekauka, imepasuka.

"Spesi. Na dawa zangu?"

Nikasema. "Nimelitoboa mimi. Jumatano, kwa kisu. Dawa ziliganda, nilizigandisha mimi. Nimeziyeyusha, nimezirudisha, nimekuacha ujichome."

Fundi aliacha kucheka. Akasema, "Dada, friji linasubiri. Mzee hasubiri." Katoka barabarani kusimamisha bajaji. Kambeba Baba mgongoni.

Hospitali, kipimo cha sukari hakikutoa namba. Kimeandika HI. Nesi kasema ndiyo kusema imepita kinapoweza kuhesabu. Kauliza dawa ilihifadhiwa vipi. Nimejibu kila kitu, tangu kitufe. Ameandika. Bila kuinua kichwa akasema, "Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka."

Jumapili, 12 Oktoba

Dripu. Baba hajui mimi ni nani. Ananiita kwa jina la Mama, anazungumza Kirundi haraka haraka, nusu siambulii.

Mungu, mimi ndiye. Yeye hana kosa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Namba imetokea. Kubwa, lakini ni namba.

Onesmo amefika. Nilimwambia kabla hajakaa. Nilitaka anipige. Kavuta kiti karibu na kitanda cha Baba, akasema, "Nilisema." Basi. Hilo tu. Ningependelea kofi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Baba anakaa, anakula uji. Nesi amemfundisha kuhifadhi dawa bila umeme. Chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, unaulowesha asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, kivulini. Onesmo alisikiliza kama mwanafunzi. Ameuliza mchanga wa mtoni au wa kujengea.

Nimejua hapo hapo.

Baba ameniomba niketi. "Nyie mtagombana mpaka lini? Nitaenda na kaka yako. Sikukasirika, mwana wanje."

Nikamwambia friji linatengenezwa.

"Najua. Lakini chungu kikiharibika, nitakiona."

Amenishika mkono. Mkono wake mwepesi sana.

Jumapili, 19 Oktoba

Wameondoka baada ya misa. Chungu kimefungwa kwa kanga mapajani mwa Baba.

Fundi alishaziba tundu kwa gundi ya chuma, jana akajaza gesi. Leo nimepima kwa kipimajoto cha kuazima. Nyuzi tano, asubuhi na mchana. Linanguruma, linapumzika, linanguruma.

Jioni Baba kapiga simu. Wamefika. Chungu hakikupasuka. Kauliza kama nimekula. Nikasema nimekula, na sikuwa nimekula, nikamwambia tena, hapana Baba, bado. Akasema basi nenda ukale.

Nimechemsha mayai mawili. Maji na nyanya nimeviweka rafu ya chini. Rafu ya juu kabisa nimeiacha wazi.