Ini la Karani

Baba,

Nakuandikia kwenye kaunta ya bucha yako hapa Manyatta. Nyama ya leo imeisha, na paka wako Karani yuko miguuni pangu. Nina jambo la kukuambia na naona aibu.

Tulipokuzika Karani alikataa kula. Siku nne alikaa akikodolea kiti chako macho. Niliogopa angenifia, watu waseme Akinyi ameshindwa na paka, bucha ataiweza? Nikamkatia ini. Akala. Kesho yake nikamkatia tena.

Sheria yako niliijua. Ini ni Jumamosi tu, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, lichemshwe kwa sababu ya minyoo. Siku nyingine omena, dagaa wale wa ziwani, na mabaki ya nyama. Nikikuomba umwongeze ulikuwa unacheka: "Huyu ni paka, Akinyi, si mkwe." Lakini hukuwepo, Baba, na alivyokuwa akijisugua miguuni mwangu... nilitaka anipende kama alivyokupenda. Miezi yote hii nimempa ini kila siku, mpaka omena hataki hata kuinusa.

Kisha shingo yake ikaanza kukakamaa. Akaacha kujilamba mgongo, manyoya yakashikana. Mimi nikawaambia wateja anakuomboleza. Mama Atieno wa mboga akashika kifua: "Yawa, hata paka inalilia mzee!" Nikaipenda hadithi hiyo. Nilikuwa nikifunga nyama kwa gazeti huku naisimulia, hata kanisani niliisimulia, na paka anaumia mbele ya macho yangu.

Juzi daktari wa mifugo alikuja kununua matumbo. Akamgusa shingo, Karani akalia. Akaniuliza anakula nini. Nikamjibu kwa majivuno, Baba. Kwa majivuno! Akatikisa kichwa. Alisema ini likizidi, mifupa ya shingo ya paka hushikana, na ikishashikana haiachani tena.

Nimemwambia Mama Atieno ukweli. Alichukua nusu kilo yake akaenda.

Ini nimeacha kumpa kabisa, kama alivyoagiza daktari. Namchanganyia nyama na omena ya kuchemsha, kidogo kidogo, na ameanza kula. Mgongo namchana mimi kila asubuhi. Nitamchana mpaka siku yake ya mwisho, nakuahidi.

Lala salama, Baba. Karani hawezi tena kugeuza kichwa kutazama kiti chako. Nimekitoa kule nyuma, nikakiweka mbele yake.

Akinyi wako