Kadi ya Beki wa Kushoto

Saint-Josse, Bruxelles
Jumapili baada ya misa

Kwako Maman Antoinette,

Jambo ya siku mingi, Maman. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Butembo? Mdogo wangu Hadassa ameshajifungua? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe, ila uchovu umehamia kwangu na mizigo yake yote.

Bado ninamtunza yule mzee wa mtaa wa Uccle, Ghislain. Namwogesha, namlisha, namsikiliza. Kumbe mzee anakusanya kadi za zamani za wachezaji wa mpira, zile zilizotoka kwenye paketi za chingamu enzi za Zaïre! Si wewe uliyeniambia picha ya marehemu Papa ilitolewa humo, alipokuwa beki wa kushoto kule Bukavu? Tangu nyumba iungue na picha zote siku tuliyokimbia, kila ukimwombea unawasha mshumaa mbele ya ukuta mtupu. Nikamsihi mzee anitafutie.

Alitafuta wiki nzima. Alilalamika kwamba vijana wa leo wanazifungia kadi ndani ya plastiki ili wauze tu. Yeye anapenda kuzishika, maana kila moja ni mtu aliyewahi kuwa kijana. Watoto wake hawazitaki. Mimi napiga deki, naitikia tu.

Alhamisi akaipata. Jina la Papa hilo hapo, Jean-Baptiste! Nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Bon, mzee akaniambia nitulie kwanza. Kiwandani walichanganya sura za mabeki wawili, Papa na mwenzake Kazadi, kwenye baadhi ya kadi, na mpaka leo wakusanyaji wanabishana zipi ni sahihi. Akatoa na kadi ya Kazadi, akaziweka zote mbili mezani, akasema binti wa mchezaji ndiye atakayemaliza ubishi.

Maman, nilitazama mpaka macho yakauma. Sijui ni yupi. Kila ukiniuliza kwenye simu kama nakumbuka alivyocheka, nimekuwa nikiitikia ndiyo, nisikuumize. Nakumbuka kikohozi chake na harufu ya sabuni yake. Sura imeniponyoka, na ninaona haya.

Mzee amenipa zote mbili, akasema zina wenyewe. Tonton Séraphin wa kanisani anasafiri Jumatano, atakuletea mkononi. Usisome majina, tafadhali. Yule utakayemlilia ndiye Papa. Nimezipiga picha kwenye simu yangu. Unipigie, uniambie nimtazame yupi.

Wabusu watoto wote, na wewe ujifunike vizuri usiku.

Binti yako,
Kasoki