Watu Tisa Uliowaacha Bila Jibu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku Matogoro tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini ubishi wake haujapungua.

Umeniuliza kama ununue wafuasi, maana video zako za mapishi hazitazamwi na umefikia kutaka kuacha. Usinunue, na usiache. Nilipoanza kuuza dagaa wa Nyasa gulioni, jirani yangu alininyang'anya meza ya mbele, akaleta na mpiga ngoma. Mpaka leo hajaniomba radhi. Watu walijaa kwake, lakini ngoma iliponyamaza wakatawanyika mikono mitupu.

Kwangu alikuja mama mmoja tu, amenuna. "Dada, juzi ulituuzia dagaa au mchanga?" Sikugombana naye. Nilimwonyesha namna ya kuwachambua na kuwaosha kwa maji ya moto. Gulio lililofuata alirudi na mawifi zake wawili, nao baadaye wakaleta majirani.

Video yako ya kisamvu nimeitazama kwa simu ya mjomba wako. Watu tisa wameuliza maswali, hujamjibu hata mmoja. Anza na hao. Yule anayeuliza karanga zinatiwa lini ni mimi, na bado nasubiri.

Bibi yako anayekupenda